Mwongozo wa Msimamizi wa Diko: Kuulinda Muda wa Kufunga Mashua Katika Mifereji ya Uingereza

Mifereji ya Uingereza, iliyochimbwa zaidi katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 ili ipitishe makaa ya mawe, chokaa, nafaka na vyombo vya udongo baina ya machimbo, viwanda na miji, haikuhitaji zamani sheria nyingi za kumhimiza mwenye mashua aondoke alipofunga, kwa sababu riziki yake ilikuwa katika safari, farasi wake alikula avute asivute, na kila siku ya kulala ilikuwa siku ya hasara. Shehena hizo zilihamia kwenye reli na barabara, na baada ya miaka ya 1960 biashara ya uchukuzi wa mferejini ilikuwa imekwisha karibu yote. Waliokuja kuyarithi maji ni watu wa namna mbili: watembezi waendao kwa furaha yao siku za likizo, na watu waliofanya mashua kuwa nyumba, ambao maelfu miongoni mwao hawana gati la kudumu na hukaa safarini mwaka mzima. Makundi yote mawili yana haki juu ya ukingo mmoja, na ukingo ni mfupi kuliko haja zao, hususan London, Bath na miji mingine ambako duka, stesheni na bomba la maji viko karibu. Hapo ndipo kanuni ya muda ilipopata nguvu: saa 24, saa 48, siku 7 au siku 14, kisha uondoke umpishe mwenzio.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, msomaji, uliyepewa au utakayepewa dhamana ya kuisimamia kanuni hiyo, ama kwa ajira ama kwa kujitolea, kwani kazi nyingi za mferejini hufanywa na watu wanaojitolea, na Mswahili akaaye Birmingham au London yu sawa na mwenyeji mwingine yeyote katika jambo hilo. Neno langu kuu ni moja, na yote yafuatayo ni sherehe yake: muda hulindwa kwa daftari la kweli na ulimi wa adabu, malipo huja nyuma ya hayo, na mahakama huja nyuma ya malipo. Msimamizi aanzaye na adhabu kabla ya hesabu humdhulumu aliye dikoni, na msimamizi aonaye haya kuhesabu humdhulumu yule ambaye bado yuko njiani akitafuta nafasi.

Uijue sheria kabla ya kuishika

Sehemu kubwa ya mifereji ya Uingereza na Wales, yapata maili 2,000 pamoja na baadhi ya mito, iko chini ya Canal & River Trust, jumuiya ya hisani iliyoipokea kazi hiyo mwaka 2012 kutoka kwa British Waterways, lililokuwa shirika la serikali. Sheria iliyo msingi wa mambo haya ni British Waterways Act ya mwaka 1995, ambayo katika kifungu chake cha 17 yamtaka mwenye mashua, ili apewe leseni, awe na mahali pa kudumu pa kuifunga, au, ikiwa hana, aitumie kwa safari za kweli muda wote wa leseni bila ya kukaa mfululizo mahali pamoja kwa zaidi ya siku 14, au kwa muda mrefu zaidi kadiri inavyostahili kwa hali iliyomfika. Maneno hayo ya mwisho uyahifadhi vema, maana sheria yenyewe imeacha mlango wa udhuru wazi, na msimamizi hana idhini ya kuufunga.

Sheria hiyo haikueleza mahali ni nini, nalo ni jambo lililoleta mabishano mengi baina ya wenye mashua na wasimamizi. Canal & River Trust hulitafsiri kuwa ni mtaa au kitongoji, wala si pete ile ya chuma iliyofungwa kamba, hata mtu anayesogeza mashua yake mita 100 kila baada ya siku 14, kisha akarudi alikotoka, hahesabiwi kuwa amesafiri. Mwaka 2015 jumuiya hiyo iliwatangazia wasio na gati la kudumu kwamba ni vigumu kwao kuthibitisha safari za kweli ikiwa eneo walilotembea kwa mwaka mzima halikufika maili 15 hadi 20. Kazi ya kupima safari za mwaka si yako wewe wa dikoni, bali ni ya ofisi ya jumuiya hiyo. Lakini ofisi hupima kwa hesabu zitokazo ukingoni, na hesabu ya ukingoni ikiwa mbovu, hukumu nayo itakuwa mbovu.

Madiko ya wageni, yaani yale yenye vibao vya saa 24, saa 48 au siku 7, yana kanuni zao ambazo humpasa kila mwenye mashua, awe na gati la kudumu au asiwe nalo. Soma kibao cha kila diko peke yake, wala usichukue kanuni ya maji haya ukaipeleka maji yale: huko Norfolk, mathalan, Broads Authority huruhusu saa 24 katika madiko yake ya bure, na madiko kadha wa kadha ya mifereji yenye muda wa saa 48 wakati wa kiangazi huongezewa muda mpaka siku 14 tangu Novemba hadi Machi, kwa kuwa watembezi wamepungua na baridi imezidi. Msimamizi asiyejua kwamba msimu umegeuka atamfukuza mtu kwenye haki yake.

Uelewe hasara ya nafasi moja

Yafaa ujue kwa hesabu kwa nini kazi hii ina maana, ili uweze kumweleza atakayekuuliza. Mashua nyembamba ya mferejini ina upana wa futi 7 hivi, na iliyo ndefu kabisa hufika futi 72, yaani karibu mita 22. Diko lenye urefu wa mita 90 basi hupokea mashua nne za urefu huo. Ikiwa muda ni saa 48 na kila mtu akautimiza wote, kila nafasi itahudumia mashua 15 katika mwezi wa siku 30, na diko zima mashua 60. Mtu mmoja akikaa mwezi mzima, amechukua zamu za wenziwe 14, nao hawatamjua wala hatawajua, bali watapita jioni wakitazama nafasi iliyojaa, waendelee gizani hadi watakapopata ukingo mwingine wa kupigilia vigingi. Miongoni mwao huwamo mzee asiyeweza kutembea mbali hadi dukani, na mgeni aliyekodi mashua asiyeijua njia. Hao ndio unaowatumikia, ijapokuwa hawako mbele yako.

Kibao kiwe cha kwanza kusema

Usimdai mtu kanuni ambayo hakupata nafasi ya kuisoma. Kila diko liwe na kibao mwanzoni na mwishoni, kwa kuwa mashua huja kutoka pande zote mbili, na kibao kieleze mambo matatu kwa maneno machache: muda unaoruhusiwa, malipo ya atakayeupita muda huo, na lini mtu aliyeondoka ataruhusiwa kurudi. Hili la tatu husahauliwa sana, na likisahauliwa hufungua njia kwa mwenye mashua kuzunguka jioni moja na kurejea asubuhi akidai saa 48 mpya.

Kila uendapo, vitazame vibao kabla ya kuzitazama mashua. Kibao kilichofunikwa na majani ya mtambaazi, kilichopakwa rangi na watoto au kilichoangushwa na upepo, kitengeneze au kitolee taarifa siku ile ile, na mpaka kitakapotengenezwa usianze hesabu ya malipo juu ya mtu yeyote. Kadhalika upambanue vizuri mahali pasipo pa kulala kabisa. Ukingo ulio mbele ya milango ya maji, yaani vile vyumba vipandishavyo na kushusha mashua, umewekwa kwa ajili ya wanaongoja kupita, na mashua ikifungwa hapo usiku huwalazimisha wengine kushuka mahali pa hatari. Penye bomba la maji mtu hukaa kwa kadiri ya kujaza tangi lake, si zaidi. Na ile sehemu iliyopanuliwa ili mashua ndefu zipate kugeuka, ikizibwa, msafiri atalazimika kwenda mbali sana kabla ya kupata pa kugeukia.

Daftari la msimamizi

Kila mashua yenye leseni ina nambari yake, na nambari hiyo yapasa ionekane ubavuni pande zote mbili. Nambari ndiyo uiandikayo. Jina la mashua liwe nyongeza tu, maana majina hufanana, na rangi hubadilishwa. Andika siku, tarehe, saa, nambari, mahali halisi kwa kutaja daraja lililo karibu na pete au nguzo iliyofungwa kamba, na upande ulioelekea omo. Mstari mmoja wa daftari wafaa usomeke hivi: Jumatatu, tarehe 6, saa 3 asubuhi, nambari kadha, kati ya pete ya 4 na ya 6 upande wa mashariki wa daraja, omo imeelekea mashariki. Palipo na ruhusa ya kufunga mashua mbili ubavu kwa ubavu, andika zote mbili, na ueleze ipi iko ukingoni, kwa sababu mara nyingi ile ya ukingoni haiwezi kuondoka mpaka ya nje iondoke kwanza.

Upande wa omo waonekana kuwa jambo dogo, walakini una faida kubwa. Mashua iliyoondoka, ikageuka mbali na kurudi, aghalabu hurudi ikielekea upande mwingine, na ukiwa huna habari hiyo daftarini utamtuhumu kwa kukaa mtu aliyekwisha kusafiri na kurejea. Usitegemee pia alama za macho peke yake. Utando wa buibui juu ya kamba, majani yaliyoota kuzunguka kigingi na matawi makavu yaliyolala juu ya paa huonyesha kwamba chombo kimetulia siku nyingi, lakini hayasemi ni siku ngapi; alama hizo zikuongezee haja ya kuhesabu, zisikupe hukumu.

Muda uuhesabu tangu ulipoiona mashua kwa mara ya kwanza, si tangu unapodhani ilifika. Ukiiona Jumatatu saa 3 asubuhi, huenda ililala hapo Jumapili, lakini hukuiona, na lisiloonekana halina ushahidi; kila shaka ya saa na iwe faida ya mwenye mashua. Katika diko la saa 48 yakupasa upite kila siku kwa saa ile ile, na ikiwezekana mara moja jioni. Katika diko la siku 14, kupita mara mbili kwa juma kwafaa, ila usiridhike na mara mbili kwa mwezi: ukiiona mashua tarehe 1 na tarehe 15, wala hukupita katikati, hujathibitisha kwamba ilikaa, umethibitisha kwamba ilikuwapo siku mbili. Daftari ni la ofisi na mwenye jambo lake. Jirani akikuuliza mwenzake amekaa siku ngapi, mjibu kwa upole kwamba habari hiyo si yake.

Namna ya kubisha hodi

Usikanyage mashua ya mtu bila ya idhini yake, hata kwa mguu mmoja, kwa kuwa ni nyumba, na chombo hutikisika kikikanyagwa, hata aliyelala ndani hushtuka. Simama ukingoni, gonga ubavu kwa vidole, sema jina lako na kazi yako, kisha mwamkie kabla ya kutaja saa. Neno la kwanza liwe swali, wala lisiwe shtaka: je, safari yako yaendeleaje, na watarajia kuondoka lini? Wengi watakujibu kwamba wanaondoka kesho, nao wataondoka. Wengine hawakukiona kibao. Na baadhi yao watakueleza shida ambayo hukuijua. Mtu akighadhibika, mwachie barua na uende zako, maana hakuna saa 48 inayostahili kugombaniwa ukingoni mwa maji.

Barua iwe fupi na iseme yale tu yaliyomo daftarini. Yaweza kuandikwa hivi: Mashua yako nambari kadha ilionekana katika diko hili kwa mara ya kwanza Jumatatu, tarehe 6, saa 3 asubuhi, na muda wa diko ni saa 48. Ikiwa una udhuru unaokuzuia kuondoka, tafadhali tujulishe kwa simu iliyoandikwa hapa chini, nasi tutausikiliza. Ikiwa huna, twakuomba uondoke kabla ya saa 3 asubuhi ya Jumatano, tarehe 8. Weka nakala, na uandike daftarini saa uliyoiacha. Barua itolewe kabla muda haujaisha, si baada yake. Aliyekumbushwa mapema huondoka kwa hiari, na aliyeshtukizwa hubishana.

Na hili ulishike kama amri: usiifungue kamba ya mashua ya mtu kwa sababu yoyote ile ya muda, wala usimruhusu mwingine aifungue. Mashua iliyoachwa bila ya kamba huchukuliwa na maji hadi kwenye milango au kwenye banio, na ndani yake huenda amelala mtoto.

Udhuru na mipaka yake

Ziko dharura zinazojulikana na kila mtu wa mferejini: mtambo ulioharibika, ugonjwa, uzazi, mafuriko ya mto, barafu iliyoyafunga maji, na milango iliyofungwa kwa matengenezo, ambayo mengi hufanywa miezi ya baridi. Mtu aliyepatwa na moja katika hizo, akakujulisha, mpe muda wa ziada kwa maandishi, wenye tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ikifika, uliza hali tena kabla ya kudhani kwamba amepuuza. Udhuru wa mtambo waweza kuthibitishwa kwa neno la fundi. Udhuru wa barafu na mafuriko huuona kwa macho yako. Udhuru wa maradhi usiuchimbe: si kazi yako kumtaka mtu aonyeshe karatasi za daktari mbele ya wapitao njia, na mambo hayo yapelekwe ofisini, ambako kuna watu waliofundishwa kuyapokea kwa siri. Sheria ya Equality Act ya mwaka 2010 yawataka watoao huduma wamrekebishie mtu mwenye ulemavu taratibu zao kadiri iwezekanavyo, na kumwongezea siku mtu asiyeweza kuendesha mashua kila mara ni katika marekebisho hayo.

Hata hivyo si kila neno ni udhuru. Kazi iliyo karibu na diko, shule ya watoto na uzuri wa mahali ni haja za kweli za binadamu, na mwenye nazo astahili kuhurumiwa, lakini kwa mtazamo wa wasimamizi hazitoshi peke yake kumpa mtu siku zaidi, kwani aliyechagua leseni ya safari amechagua kusafiri. Mwambie hivyo waziwazi, kisha umwonyeshe njia: gati la kudumu laweza kukodiwa, na kwa miezi ya baridi kuna vibali vya kulipia vya kukaa mahali pamoja. Kumnyamazia kwa huruma, hali yakini ofisi yaendelea kuhesabu, ni kumwacha aingie shimoni akidhani ni njia.

Malipo na hatua za mwisho

Katika madiko mengi ya wageni malipo ya anayepita muda ni Pauni 25 kwa siku. Canal & River Trust huyasimamisha juu ya kifungu cha 43 cha Transport Act ya mwaka 1962, kinachoruhusu kutoza huduma na kuziwekea masharti, na wako wenye mashua wanaopinga tafsiri hiyo. Wewe usijitie katika mjadala wa mawakili. Wajibu wako ni kuhakikisha kwamba kila siku inayodaiwa ina mstari wake daftarini, kwamba kibao kilikuwapo na kilisomeka, kwamba barua ilitolewa, na kwamba udhuru uliulizwa. Likikosekana moja katika hayo manne, iambie ofisi isidai. Fedha usiipokee mkononi kamwe.

Asiye na gati la kudumu, akizidi kukaa baada ya kukumbushwa, huenda leseni yake ikafupishwa kuwa ya miezi 6 ili safari zake ziangaliwe, na asipobadilika huenda akanyimwa leseni. Nyuma ya hayo kuna kifungu cha 8 cha British Waterways Act ya mwaka 1983, kinachoruhusu kuondolewa kwa chombo kilichofungwa bila ya haki baada ya ilani isiyopungua siku 28. Na chombo kikiwa ndicho nyumba ya mtu, shauri hupelekwa mahakamani kwanza, ili hakimu apime kama hatua hiyo ni ya haki kwa kadiri ya kosa. Mtu asiyeridhika na majibu ya ofisi ana njia ya malalamiko, na mwisho wake ni Waterways Ombudsman; mjulishe njia hiyo mwenyewe, kabla hajakuuliza, kwa kuwa haki isiyotangazwa huwafaa wajuzi peke yao.

Usawa wa macho

Utashawishika kuihesabu kwanza mashua iliyochakaa, yenye kuni na baiskeli juu ya paa, na kuisahau ile iliyong'arishwa shaba zake. Usifanye hivyo. Sheria haikutaja rangi ya paa, na mtembezi wa likizo aliyepitisha saa 48 amezuia nafasi ile ile aliyoizuia mkaaji maskini. Anza kuhesabu mwisho mmoja wa diko hadi wa pili, bila ya kuruka hata moja, wala usianze na aliyelalamikiwa. Ukiwa na rafiki dikoni, mwandike kama wengine, na ukiona vigumu, mwombe mwenzio aandike badala yako.

Basi, msomaji, chukua daftari na kalamu uende ukingoni kesho saa 3 asubuhi, usome vibao, uandike nambari zote, uamkie watu, na urudi kesho kutwa saa ile ile. Ukifanya hivyo kwa uaminifu majira mazima, wengi wataondoka kwa wakati bila ya kudaiwa hata senti, na wachache watakaodaiwa hawatakuwa na neno la kweli la kukulaumu.